Metresi na Sol ya Chini

Metresi hakununua kitu bila kukigonga. Sokoni aligonga sufuria, ndoo, mitungi, hata milango ya makabati ambayo hakuwa na nia ya kuyanunua. Aligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja na kusikiliza. Wachuuzi wa Shituru, mtaa wetu, walikuwa wamemzoea. Mmoja, aliyeuza sufuria za alumini karibu na reli, akimwona kwa mbali tu alianza kupanga bidhaa zake upya, zile zenye ufa akizisukuma nyuma. Metresi alipofika alikwenda moja kwa moja nyuma.

"Hii ya huku inalia," alimwambia. "Juu ya nini unaificha? Iko mugonjwa?"

Sote tulimwita Metresi, kama watoto wa shule ya msingi wanavyomwita mwalimu wao wa kike, ingawa wengi wetu sasa tuna watoto waliomaliza shule. Mimi alinifundisha mwaka wa tatu. Baadaye nilipoolewa na kuhamia katika nyumba za zamani za kampuni ya madini, nikakuta anakaa nyumba mbili kutoka kwangu, na tukawa majirani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hata hivyo sikuacha kusimama wima anapoingia.

Alikuwa bahili wa sifa. Mtoto akiimba vizuri mpaka mama yake analia, Metresi alisema, "Inaweza kupita." Akiimba vibaya, alimwambia ukweli mbele ya wenzake, kisha jioni yake ungemwona anakwenda kwao na mkate chini ya kwapa, kuwaeleza wazazi kwamba mtoto ana sauti ila bado hajaipata mahali ilipo. Waliochelewa mazoezi aliwaadhibu kwa kuwaimbisha peke yao. Yeye mwenyewe alichelewa kila mahali. Njiani angesikia mtu anapiga misumari kwenye bati, au mashine ya kusaga yenye mkanda uliolegea, akasimama kusikiliza mpaka aelewe sauti inatoka wapi. Ukimlaumu alikasirika.

"Mi sikuchelewa. Nilisimama."

Yeye alikuwa Mkatoliki, na kila Jumamosi alasiri alifundisha kwaya ya watoto ya parokia uani kwake. Sisi nyumbani tunasali kwa Wapentekoste, nyuma ya soko, na vipaza sauti vyetu vilimkera sana. Alisema vitawafufua wafu kabla ya siku yao. Lakini shingo ya gita letu kubwa la besi ilipopinda kwa baridi, hatukujua pa kulipeleka, na ni yeye aliyekuja, akakaa alasiri mbili kwenye benchi letu, miwani puani, akinyoosha na kukaza. Mchungaji alitaka kumpa chochote. Alikataa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Sasa muko na gitare muzuri," alisema. "Mupunguze kidogo ile nguvu. Mungu eko na masikio."

Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Sauti hatukupunguza.

Gita lake mwenyewe lilikuwa la nyuzi za nailoni, kubwa, lenye tumbo lililokwaruzwa na vifungo vya miaka mingi. Alilipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, mtindo wa zamani wa kwetu Katanga: dole gumba linakwenda taratibu kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinachezacheza kwenye nyembamba. Aliwaeleza watoto hivi: "Kidole kikubwa inatembea na miguu. Hii ingine inaruka kamba." Jumamosi nilikuwa nafungua dirisha la jikoni ninaposonga bukari, ugali wetu, ili lile dole gumba lake liniingilie. Nilisonga kwa mwendo wake bila kujua.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyegundua kwanza kwamba limenyamaza.

Jumamosi ya kwanza watoto waliimba bila gita. Ya pili hivyo hivyo. Nilipomuuliza, Metresi alisema anawafundisha kusimama kwa sauti zao wenyewe. Jumamosi ya tatu asubuhi nilimpelekea kitenge alichoniagiza, kwa maana kazi yangu ni kuuza vitenge ninavyovichukua Lubumbashi. Nilimkuta chumbani mbele ya kioo, blauzi wazi, anahangaika na kifungo kimoja. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika barafu. Aliniona kwenye kioo. Hakugeuka.

"Njo unifungie," alisema. Nilipomaliza kifungo cha mwisho akaongeza, "Sasa nyamaza. Usimwambie muntu."

Daktari alikuwa amemwambia ni ugonjwa wa viungo, akampa dawa, akamwambia aoshe mikono kwa maji ya moto na asikaze vitu vigumu. Shingo ya gita lake ilikuwa kitu kigumu. Alikuwa amejaribu kwa wiki mbili, usiku mmoja mpaka akalia, kisha akalisukuma nyuma ya kabati.

"Mukono inakatala," aliniambia. "Kichwa inajua, mukono inakatala."

Na wakati ulikuwa mbaya. Komunyo ya kwanza ya watoto ilikuwa inakaribia, na kamati ya parokia, kwa nia njema kabisa, ilishaanza kuzungumza juu ya kijana mwenye kinanda cha umeme, kile ambacho unabonyeza kitufe kimoja na ngoma zinajipiga zenyewe. Metresi aliniambia habari hiyo kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Na mi nitafanya nini pale? Nitaonyesha batoto viti, fasi ya kuikala?"

Safari iliyofuata ya Lubumbashi niliona dukani kitu cha rangi ya waridi kilichotundikwa ukutani, kigita kidogo chenye nyuzi nne. Ni ukulele, muuzaji akasema, hata watoto wanaweza kukipiga. Bei yake ilikuwa ndogo kama urefu wake. Nilikinunua papo hapo, nikakifunga katikati ya vitenge, na njia nzima nilijiona mtu mwenye akili.

Metresi alikigonga tumboni mara moja tu.

"Hii ni sanduku ya sukari," alisema.

Lakini alikichukua. Akakiweka kifuani, akapitisha mkono wa kushoto polepole kwenye shingo ile nyembamba, akabonyeza. Nyuzi zilikuwa laini. Kidole kimoja kilikubali, kisha cha pili. Niliona mabega yake yanashuka. Akapiga sauti tatu zikifuatana, safi, na nikaanza kupiga makofi.

"Ngoja," akasema. Akarudia. Uso ukakunjamana. Akarudia tena, kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu baridi ianze.

"Namna gani, Metresi?"

"Kidole kikubwa inashuka ngazi, inajikuta juu, ku plafond ya nyumba!"

Akanieleza kama tuko bado mwaka wa tatu. Ukulele una nyuzi nne: sol, do, mi, la. Kwenye gita, uzi ulio karibu na uso wako ndio mnene, ndio wenye sauti nzito, na hapo ndipo dole gumba linapotembelea. Kwenye ukulele wa kawaida uzi huo, ule wa sol, ni mwembamba na sauti yake iko juu, karibu sawa na la. Kwa nyimbo za kuchezacheza inapendeza. Kwa mtu ambaye dole gumba lake limezoea kwenda chini kutafuta besi, ni kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Mi natafuta sol ya chini," alisema. "Sol ile ile, lakini ya chini, ya uzito. Nikiipata, hizi nyuzi ine zinafuatana sawa zile ine za mwisho za gitare, ukizifunga ku chuma ya tano ya shingo. Mukono inajua njia. Sina kitu ya kujifunza mupya."

Alijaribu kuweka uzi mnene kwenye kile cha waridi. Ulilegea, ukatetemeka, ukatoa sauti ya nzi aliyenaswa kwenye chupa. Tumbo lilikuwa dogo mno, shingo fupi mno. Tukakaa na simu yangu alasiri nzima, mimi nasoma, yeye anauliza, mpaka tukaelewa kwamba kuna saizi kadhaa, na kwamba ile anayoitaka inaitwa tenor: ndefu ya kutosha kuukaza uzi mnene, kubwa ya kutosha kuipa sol ile mahali pa kupumulia, na bado ndogo kwa mkono wake. Nikamwambia niachie, nitaleta.

"Weye?" Alikitazama kile cha waridi. "Weye utaleta ingine rangi tu. Tunaenda bote."

Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Mkobani aliweka miwani, leso, tupa ya kucha, na bahasha ya kahawia aliyoikunja mara mbili na ambayo hakunionyesha.

Duka lile la Lubumbashi lilikuwa na tenor mbili tu. Muuzaji, kijana mwenye tai na adabu nyingi, alituletea ile nzuri kwanza. Nzuri kweli: uso wa ubao mmoja usiounganishwa, mistari ya mti inaonekana, pembeni imepambwa. Metresi aliigonga. Alifumba jicho. Akafumba na la pili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alipoipiga, mimi nisiyejua chochote nilisikia kwamba ni chombo cha watu wakubwa.

Bei yake ilipita mbali kile alichokuwa nacho. Nikamvuta kando.

"Metresi, mi naweza kuongeza."

"Apana."

"Ni zawadi."

"Apana, mwanangu. Sikia." Alisema kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe kijana. "Ile ni mubao ya kweli. Inaimba, ndiyo. Lakini mwezi wa saba kule kwetu baridi inakauka mpaka meza ya chakula inapasuka. Nitakuwa naichunga sawa mutoto wa homa. Mi natafuta ya kufanya nayo kazi."

Basi ikaletwa ya pili. Ilikuwa ya tripleksi, mbao nyembamba zilizogundishwa, rangi ya chai iliyowekwa maji mara mbili, na varnishi ilikuwa imechuruzika upande mmoja. Kijana aliikabidhi kama anaomba msamaha. Hapo Metresi akaanza kazi.

Aliigonga juu, chini, nyuma. Aliishika kama bunduki na kuchungulia shingo yote kuona kama imepinda. Alichukua leso yake ya hariri akaipitisha pembeni mwa shingo, kwenye ncha za vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, kuona kama itanaswa, akanifafanulia kwamba chuma kinachonasa leso kitakata na kidole. Alizungusha masikio ya kukazia nyuzi, moja moja, mbele na nyuma. Alijaribu kupenyeza kipande cha karatasi chini ya ukingo wa daraja lililogundishwa tumboni, pale nyuzi zinapofungwa. Hakikuingia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapiga kila uzi mtupu, kisha akaubonyeza katikati kabisa, chuma cha kumi na mbili, akilinganisha kama ni sauti ile ile iliyopanda oktava moja kamili. Kijana alikuwa amesahau wateja wengine.

"Inaweza kupita," Metresi alisema. "Sasa, sol ya chini iko wapi?"

"Maman, hapa zote ziko na sol ya juu. Hiyo ya chini hatuna."

"Nilijua."

Akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na uzi mmoja uliozungushwa kama bangili, mnene, wenye kung'aa. Niliutambua kabla hajasema. Ulikuwa uzi wa nne wa gita lake. Aliubadilisha wiki chache tu kabla ya vidole kugoma, kwa hiyo ulikuwa bado mpya.

"Metresi," nikasema, "lakini gitare sasa…"

"Gitare inalala." Aliunyoosha uzi kwa mkono wake mzima. "Hii nyuzi haina lazima ya kulala nayo."

Nilitazama nje, nikajifanya naangalia gari.

Kijana aliufunga, akaukaza taratibu hadi sol. Ukafika bila kulalamika. Metresi akaupiga ukiwa mtupu, na sauti ikatoka ya mviringo, ya chini, kama mtu mzima ameingia kwenye chumba cha watoto. Nilifikiri tumemaliza. Yeye akabonyeza chuma cha kwanza, akapiga, akakunja uso.

"Inapanda."

"Ni kawaida, Maman."

"Haina kawaida. Angaria hapa." Alionyesha kile kijiti cheupe kinachoshikilia nyuzi mwanzo wa shingo. Kijinafasi cha uzi wa nne kilichongwa kwa uzi mwembamba. Ule mnene haukuingia, ulikaa juu yake kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Ukiubonyeza unavutwa kupita kiasi, na sauti inapanda. "Watu watasema ukulele ni mubaya. Apana. Ni hii mulango tu iko ndogo."

Akatoa tupa ya kucha. Kijana aliruka.

"Maman! Hauyalipa bado!"

"Ndiyo maana nataka kufanya pole pole."

Kijana alikwenda mbio nyuma ya duka akarudi na tupa nyembamba ya kazi, akachonga mwenyewe, Metresi amemsimamia begani. "Kidogo. Kidogo tena. Simama! Ukipita hapo itagusa chuma, itakuwa inalia zzz." Alipourudisha uzi, ulikaa. Chuma cha kwanza kilitoa sauti yake ya haki.

Kisha Metresi akapiga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya masanduku, dole gumba likashuka, na safari hii likakuta chini. Lilitembea. Kidole cha shahada kikaanza kuruka kamba. Mlinzi wa mlangoni aliingia ndani akaegemea ukuta. Mama mmoja aliyekuja kununua betri alianza kuitikia. Vidole vya kushoto vya Metresi havikuwa na haraka ya zamani, na mara moja kimoja kilikosa, lakini hakusimama. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sikujifanya tena kuangalia magari.

Alilipa kutoka mfuko wake, akasema asante kwa kijana, na akamshauri anunue miwani, ili siku nyingine auone mwenyewe mlango ulio mdogo.

Siku ya komunyo kulitokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kanisa lilijaa, na ukulele si gita. Safu ya tatu ilikuwa haiusikii. Watoto walianza kuimba kwa nguvu kama walivyozoea, wakampoteza. Metresi hakuinua mkono kuwaonya. Alipiga taratibu zaidi, kwa sauti ndogo zaidi, mpaka wale wa mbele wakalazimika kushusha sauti ili wamsikie, na wa nyuma wakawafuata. Kwaya nzima ikashuka. Watu waliacha kupepea, mama mmoja akamziba mtoto wake mdomo, na sote tukainama mbele kwenye mabenchi, sisi wageni wa kanisa lingine pamoja nao. Sijawahi kusikia watoto hamsini wakiimba kwa uangalifu namna ile. Kamati haikutaja tena kinanda.

Nilipompongeza alisema mtoto wa mwisho kushoto alikuwa anakula kitu.

Hayo yote ni ya miaka kadhaa iliyopita. Baadaye alihamia kwa binti yake, upande wa Kakontwe, na tukawa tunaonana mara chache. Niliambiwa mkono umezidi, na wa pili umeanza. Niliahirisha kwenda kumwona, kwa sababu moja ambayo sijivunii: sikutaka kumkuta amenyamaza.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya kwenda Kakanda na mabunda yangu ya vitenge, nasubiri gari. Ikapita moto, pikipiki ya abiria, nyuma ya dereva amekaa bibi mwenye kofia kubwa ya kinga, mgongo wima kama yuko darasani. Moto ikasimama mbele kwa vumbi, ikarudi polepole. Bibi akainua kioo cha kofia.

"Hii kitenge ya juu rangi itatoka," alisema. "Inaonekana hata mu mbio."

"Metresi!" Nilimkumbatia pale pale kwenye kiti. Nikaitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imejikunja, na hakuificha. "Unaenda wapi hivi?"

"Kakanda. Kuko bamama ba kanisa yenu ya kelele, banataka ukulele ya kwaya. Muntu iko nabaletea tatu leo, bachague. Banasema, beye habajue kuchagua."

"Na wewe…" Sikujua nimalizie vipi. "Bado unapiga?"

"Kupiga?" Aliniangalia kama nimeuliza swali la mwaka wa kwanza. "Mi siendi kupiga. Bamama beko na vidole yabo. Mi naenda kusikiliza."

Dereva alitazama saa yake. Metresi akashusha kioo cha kofia, kisha akakiinua tena.

"Unasimamia nini hapo? Kamata moto ingine, njo. Nitakosa muntu wa kuangalia shingo, macho yangu imechoka."

Nilitazama mabunda yangu. Nilimwomba mama aliyeuza mihogo ya kuchoma anichungie, nikasimamisha moto ya kwanza iliyopita. Njiani tulipata pancha, tukachelewa kiasi. Nilipofika kwenye ua wa kanisa la Kakanda, akina mama kumi na zaidi walikuwa wamekaa kimya kwenye mikeka, muuzaji amesimama katikati yao jasho linamtoka, na Metresi, ukulele sikioni, alikuwa anamwambia aanze tena kueleza, lakini safari hii aseme ukweli.